Jasusi Tuliyemtengeneza Wenyewe

Dereva wa lori aliyetoka Mwene-Ditu, upande wa Kasai, ameniletea habari kwamba fundi umeme aliyekuwa jirani yangu Kolwezi amefariki. Kifua kilimsumbua tangu alipofika huko, na amezikwa katika mji wa wazazi wake ambao hakuwahi kuuona kabla ya kufukuzwa. Alizaliwa Kolwezi, akajifunza kazi Kolwezi, akaoa na kuzaa watoto hapo hapo. Nilimjua kwa miaka tisa. Siwezi kujiita rafiki yake. Nilikuwa mtu wa kukaa sebuleni kwake.

Habari hiyo ilinikuta Likasi, ambako nimetua kwa sasa, siku mbili baada ya kuangalia katika baa mchezo mpya wa televisheni ambao kila mtu anausifu. Ni vichekesho vya jasusi mmoja mnene. Huvaa miwani myeusi kwenye mvua, hufungua mwavuli ndani ya hoteli ili atume habari kwa mkubwa wake, na adui aliyeketi meza ya pili haoni kitu. Mwigizaji ni hodari, sitamnyima haki yake. Hata anavyokunywa chai anachekesha. Baa nzima ilicheka. Mimi nilishindwa, kwa sababu kichekesho chote kimesimama juu ya jambo moja: jasusi yuko mbele ya macho na hakuna anayemwona. Kwetu ilikuwa kinyume. Jasusi hakuwepo, na mtaa mzima ulimwona.

Katika mstari wetu wa nyumba za kampuni, fundi peke yake ndiye aliyekuwa na televisheni. Picha ilikuwa mbovu, tukamshauri apandishe antena juu zaidi. Mimi, karani wa ghala, nilimtolea bomba chakavu kwa karatasi yenye saini yangu. Wanaume sita tulilisimamisha Jumapili baada ya misa, nami ndiye niliyelishika wakati akimimina saruji. Tangu hapo tuliangalia mpira kwake, na filamu za majasusi ambazo alitutafsiria kutoka Kifaransa akiongeza maneno yake mwenyewe, mpaka wake zetu wakawa wanacheka kabla mwigizaji hajafungua mdomo.

Kisha miaka ya kufukuzana ikaja, na watu wenye asili ya Kasai waliokuwa wakiishi kwetu Katanga wakaambiwa warudi kwao. Asubuhi moja kikundi kilijaa uani kwake, kikiongozwa na mwenzetu wa karakana, mmoja wa wale sita. Akanyoosha kidole juu. "Antene murefu vile, inasema na nani kule Kasai? Huyu muntu iko espion." Watu wakaguna kukubali kwamba ni jasusi. Fundi hakubishana naye. Alinigeukia mimi, mtu wa kaskazini ya Katanga, ambaye neno langu lingesikilizwa.

"Tata karani, ni weye ulitoa ile bomba. Ubaambie iko ya nini."

Nilitazama viatu vyangu. "Mi sijui mambo ya umeme," nikasema.

Ilikuwa kweli tupu. Fundi akacheka kidogo. "Lakini picha ulikuwa unaelewa."

Kufika jioni familia yake ilikuwa stesheni, chini ya turubai, pamoja na umati uliongoja treni kwa majuma. Mwenzetu wa karakana akahamia katika ile nyumba. Tulikuwa tumeambiana kwamba wakiondoka wao, kazi zitabaki kwetu. Wakaondoka mafundi, walimu na wauguzi. Mashine katika machimbo ya shaba yaitwayo Mashamba zikasimama moja moja, mishahara ikakatika, na hata ile televisheni aliyoiacha fundi ilipoharibika hapakuwa na wa kuifungua. Ndipo nikaanza kutangatanga, Kipushi, Kasumbalesa, sasa Likasi, nikimlaumu kila mkubwa wa nchi hii na kumsamehe karani mmoja.

Dereva alijitolea kumpelekea mjane maneno yangu. Nilimtumia mjane pole tu, kwa kuwa yule mama na watoto wake hawana haja ya kuambiwa bomba lilikuwa la nini. Waliopaswa kulisikia jambo hilo likisemwa ni ninyi mliosimama uani, na najua baadhi yenu mnasoma gazeti hili. Basi nasema: lilikuwa la kuangalia mpira. Haimsaidii mtu tena. Nilichojifunza ni kwamba uongo wa asubuhi ile haukuhitaji watu wengi wa kuuamini. Ulihitaji mtu mmoja anayejua aseme hajui, na nilipatikana.