Alitii Masharti ya Picha, Mkataba Akapewa Aliyeyavunja

Saa nane mchana, mvuke unampanda usoni Zdravka Mineva kila anapokanyaga pedali ya pasi. Ananyoosha mkono wa koti, anaubana, anauachia, anavuta mwingine. Ndani ya kiwanda hiki cha nguo mjini Ruse joto ni la tanuri, na dirisha lililo wazi ni moja.

"Dada, leo hujatuhadithia mazimwi yako," anamtania Pavlina wa meza ya jirani.

"Yamepata mwenyewe," anajibu bila kuinua macho. "Yamenunuliwa."

Pavlina anajutia utani wake. Anamsogezea chupa ya maji.

Zdravka, 44, hupiga pasi mchana. Jioni, kwa miaka kumi na sita sasa, huendesha tovuti ya mashabiki wa Bonde la Vinara, mchezo wa kompyuta alioujua usichanani katika kibanda cha intaneti karibu na stesheni. Humo aliweka picha za mchezo huo: mazimwi, malkia, ramani, makaburi ya wachawi. Chini ya kila picha aliandika maelezo kwa Kibulgaria, maana mchezo wenyewe haukuwahi kutafsiriwa.

Picha hazikuwa zake, wala hakujidanganya. Kampuni iliyotoa mchezo iliruhusu mashabiki kuzionyesha kwa masharti: wasiuze kitu, na wamtaje mwenye mali. Aliyashika kama amri za kanisani. Kampuni ya kamari ilipotaka kuweka tangazo, kwa malipo karibu na nusu ya mshahara wake, alikataa. Mwaka huo mumewe, Stoil, hakuwa na kazi.

"Aliniambia, 'Mama Vesela, uaminifu haulipi umeme.' Nikamwambia picha za watu sizipangishi. Tukanuniana siku nzima."

Lachezar Kirchev, aliyeanzisha naye tovuti, hakuwa na subira hiyo. Alijitenga, akafungua ya kwake, akabeba maelezo ya Zdravka neno kwa neno. Pembeni akajaza matangazo ya kamari. Akauza vikombe na fulana zenye picha zilezile.

"Nilimwonya, Lacho, watakushika. Akacheka. 'Wakinishika, si watakuwa wamenijua?'"

Walimjua kweli. Mwaka jana kampuni ya mchezo ilipata wamiliki wapya, nao wakatazama ni tovuti ipi inayotembelewa zaidi. Lachezar akapewa mkataba, tovuti yake ikawa ndiyo rasmi kwa Kibulgaria. Zdravka akapata barua pepe ya wakili: aondoe kila picha ndani ya wiki, wateja wasije wakachanganyikiwa.

Alijitetea kwa yale masharti. Akajibiwa kwamba ruhusa ilikuwa hisani, na hisani hukoma mwenye mali anapotaka.

"Na ni kweli," anasema. "Hapo ndipo panaponiuma. Kwa picha, hata pa kugombea sina."

Alizifuta mwenyewe, moja baada ya nyingine. Stoil alikaa kando yake, na habari ya kamari hakuitaja. Alimenya chungwa, akamwekea vipande mezani. Havikuliwa.

Juma lililofuata Lachezar alipiga simu.

"Zdravka, njoo tufanye kazi pamoja. Maelezo yako watu wanayapenda."

"Yale uliyoyaiba?"

"Yaliyopita si ndwele, dada. Tugange yajayo."

"Ndwele umenipa wewe, halafu unakuja kuniuzia dawa?"

"Ungeweka matangazo kidogo tu wangekuona. Ulijificha mno."

Zdravka akakata simu. "Alisema kwa upole," anakumbuka. "Angenidhihaki, ningelala."

Leo tovuti yake ni maandishi matupu na nafasi nyeupe zilipokuwa picha. Wageni wamepungua hadi wachache anaowajua kwa majina. Kiwandani amehamishiwa makoti mazito ya majira ya baridi, na jioni mkono wake wa kulia hufa ganzi. Anaandika kwa wa kushoto.

Katika kufuta picha zile ndipo lilipomjia jambo ambalo hasira ilikuwa imelifunika. Picha ni za kampuni, sawa. Maelezo je? Hayo aliyaandika yeye, na bado yamo kwenye tovuti ya Lachezar, chini ya nembo ya kampuni.

Amekwisha kumwona wakili mmoja hapa mjini. Wakili hakumpa matumaini makubwa: kesi itachukua miaka, na kampuni haitaona haya kuivuta. Zdravka ameomba zamu za Jumamosi ili ailipie.

Pavlina anamwona amepotoka. "Hata ukishinda, utapata nini? Lachezar ataweka maelezo mengine, maisha yaendelee."

Zdravka anatundika koti, anavuta lingine.

"Aweke," anasema. "Ila safari hii atayaandika mwenyewe."