Fundi cherehani anayeishonea Land Rover breki

Jua la Kasongo halijafika hata juu ya mabati, na miguu ya Léocadie Faida tayari imechomoza chini ya gari. Kiatu kimoja kiko mguuni, kingine kimebaki pembeni. Kitenge amekikaza kiunoni juu ya suruali ya kazi, shingoni ananing'iniza futi ya kushonea, na katikati ya midomo ameuma chaki.

Wahenga waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakulijua gari hili. Hapa kuinama hakutoshi. Ni kulala chali na kupokea matope usoni.

"Baba Sonia, nipe ile ngozi," anaita.

Mume wake, Clovis, mwalimu wa shule ya msingi, anamwinamia na kumpa pete ya ngozi iliyolainishwa kwa shahamu ya ng'ombe. Anaishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa mtoto wa siku moja. Kwapani amebana kabari ya mti mgumu, nyeusi kwa miaka ya kushikwa, na hata akiinama haiachii.

Leo ni Alhamisi. Jumamosi gari hili linatakiwa kuwa Kabambare, mbele ya maternité moja, kituo cha kuzalia, iliyojengwa kwenye mteremko, lionyeshe jambo moja tu: kwamba linaweza kusimama mlimani bila kuwekewa kitu nyuma ya gurudumu. Likiweza, litabeba wajawazito waliozidiwa kutoka vijijini. Lisipoweza, wajawazito wataendelea kupanda pikipiki.

Aliyetoa sharti hilo ni mkunga mkuu wa pale, Mama Arlette, mwanamke asiyetaka hadithi ndefu.

"Motor ikizima, tutasukuma, sisi wote tuko na mikono," alimwambia Léocadie walipozungumza mara ya kwanza. "Lakini gari ikirudi nyuma wakati mugonjwa iko nusu ndani, nusu inje, nitasukuma nini?"

Gari lake halikuwa na breki ya mkono. Lilikuwa na Clovis.

Land Rover hiyo ni ya mwaka 1978, umri unaokaribiana na wa mwenyewe, aliyetimiza miaka arobaini na tisa. Baba yake, mzee Fidèle, aliiendesha kwa misheni miaka mingi, na alipostaafu akapewa iwe yake. Mpaka leo watu wa barabarani wanaiita Misheni. Mzee ndiye aliyemfundisha binti yake kuendesha, kwenye uwanja wa mpira, huku vijana wakikimbia pande zote.

Breki ya mkono ilipokufa, miaka tisa iliyopita, Clovis alichonga kabari. Tangu siku hiyo, kila gari linaposimama mlimani, mwalimu anafungua mlango, anaruka, anaisukuma kabari nyuma ya gurudumu na kupiga bati mara mbili kuonyesha kwamba tayari. Ameruka kwenye mvua. Ameruka akiwa amevaa suti ya harusi ya shemeji yake. Wanafunzi wake wanamwita Frein à Main, yaani Breki ya Mkono, na yeye anajifanya hasikii.

"Sijawahi kuchelewa," anasema, na hapo sauti yake haina mzaha wowote. "Mara moja tu. Ikanikanyaga kidole, lakini ikasimama."

Kazi ya Léocadie ni kushona. Ukutani mwa chumba chake kuna safu za misumari, na kwenye misumari kunaning'inia karatasi ngumu za kukatia nguo, anazoziita patron. Kila moja ina jina la mwenye mwili wake: Mama Esther-Divine, Mama Héritier, binti wa chifu. Lakini ukisogea karibu unaona karatasi za ajabu, zenye matundu mengi, zilizoandikwa kwa mwandiko wa mwalimu uliosimama wima: pampu ya maji, kifuniko cha motor, bomba la moshi. Hizo ni za Misheni.

"Nguo na motor, yote ni kupima," anasema. "Ukimupimia mutu vibaya, anakosa pumzi. Motor pia inakosa pumzi."

Kwa hiyo anapima. Anaweka karatasi juu ya chuma, anapitisha chaki pembeni, anakata kwa mkasi ule ule wa vitenge. Raba za springi amezichonga kutoka tairi la lori. Tundu la tangi lilizibwa kwa kipande cha sabuni mwaka juzi, na bado limeziba. Kioo cha upande wa dereva kilikuwa dirisha la jikoni kwake, na jikoni siku hizi kuna pazia.

Hakuanza hivi kwa kupenda. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kungoja vipuri kama watu wengine.

Miaka minne iliyopita gari lilikuwa limefunguliwa gia uani, likisubiri kipande kimoja kutoka Bukavu. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Wiki ya tatu mdogo wake Carine, aliyeolewa upande wa Kabambare, alishikwa na uchungu wa kuzaa kijijini. Walimpandisha pikipiki, dereva mbele, wifi nyuma akimshikilia asianguke. Njia ilikuwa matope. Carine alifika akiwa hai. Mtoto hakufika.

Léocadie anaposimulia haya anaacha kushona, anaweka mikono yote miwili juu ya cherehani.

"Walikuwa wamenitumia habari toka juzi yake, nije na Misheni. Mimi niko hapa, gari iko wazi, nangoja pièce. Ile kipande yenyewe, ilipofika, niliitazama, nikaona ningeliweza kuikata mimi mwenyewe kwa siku moja. Siku moja. Nililia kuliko siku ya mazishi."

Kutoka hapo hakungoja tena. Na ndiyo maana sharti la Mama Arlette lilimkaa rohoni.

Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Inabana ngoma ya chuma nyuma ya gia. Léocadie aliona ukanda wa kubania umelika, akatafuta ukanda wa lori lililokufa, akaupunguza kwa tupa, akaupigilia kwa misumari ya shaba aliyoikata kutoka waya wa umeme. Breki ikashika vizuri sana. Siku ya tatu ikateleza kama samaki.

Akabadilisha ukanda mara ya pili. Ikateleza tena. Ndipo alipopitisha kidole ndani ya ngoma, akakitoa kikiwa kimelowa mafuta ya gia.

"Nilikuwa napanga nguo kavu ndani ya nyumba yenye kuvuja," anasema, akijicheka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye alikuwa ameshajenga kuta mbili.

Pete ya kuzuia mafuta yale, ikiagizwa, ni dola ishirini na tano, karibu bei ya kushona magauni tisa, na wiki tatu za kungoja kama mambo ni mazuri. Alikata ya ngozi ya mbuzi. Ilikaa kilomita chache, ikalegea. Akakata nyingine, ikalegea vile vile. Ilimuuma, maana vipimo vilikuwa sawasawa.

Alimpelekea mzee Djafari, mshona viatu wa sokoni, aliyeivuta pete kwa vidole gumba viwili na kuguna.

"Mama Sonia, wewe fundi wa nguo njo unafanya hivi? Hii ni ngozi ya tumbo."

"Iko laini, Muzee. Niliichagua juu ya ulaini."

"Tumbo linakula, linavimba, linapungua. Ngozi yake inajua kuvutika tu. Kata mugongoni. Mugongo unabeba, hauvutiki."

Léocadie anakiri kwamba aliona haya. Miaka thelathini anawaambia wateja kuwa kitambaa kina upande wa kuvutika na upande wa kukaza, na hakuwahi kufikiri kwamba hata mnyama yuko hivyo. Mzee Djafari alimkatia kipande cha mgongo wa ng'ombe kwa faranga elfu tano, akamwombea kwa Mungu, akarudi kwenye viatu vyake.

Hiyo ndiyo pete anayoifunga Alhamisi hii. Anatoka chini ya gari, anajipangusa, anavuta mkono wa breki. Uani pana mwinuko mdogo. Gari tupu linakaa.

"Tupu," anasema Clovis.

"Tupu," anakubali mke wake.

Ijumaa wanaondoka na magunia ya mchele, chumvi na sabuni. Pikipiki za kwenda Salamabila zinawapita zikiwa zimesheheni, na madereva wanapiga kelele: "Misheni, shikamoo!" Léocadie anajibu kwa honi, ambayo nayo inalia siku inayotaka.

Mlima wa kwanza mkubwa, gogo limelala njiani. Léocadie anasimamisha, anavuta breki, na kabla hajaondoa mguu anasikia bati likigongwa mara mbili. Clovis ameshafika nyuma.

"Baba Sonia, ungeliacha tuone kama inashika."

"Miaka tisa hii miguu inafundishwa kuruka," anajibu mumewe akihema. "Leo njo inaambiwa ikae?"

Ikawa hivyo kila kilima. Wanalala kijijini njiani, wanaamka, wanaendelea, na mpaka wanaingia Kabambare Jumamosi mchana hakuna anayejua kama breki inaweza kubeba mzigo. Léocadie anajua jambo moja: kila walipopumzika aliingia chini, akapitisha kidole ndani ya ngoma, na kidole kilitoka kikavu.

Mbele ya maternité wamekusanyika wanawake wa kamati, wagonjwa wanaoweza kutembea, na watu wasio na kazi siku hiyo. Mama Arlette anaelekeza gari lisimame pua juu, mlango wa nyuma kuelekea bonde.

"Magunia yabaki ndani. Tunataka mutu wa kulala kwa mbao, tuone toka kumubeba hadi kufunga mulango. Nani atalala?"

Watu wanatazamana. Kulala nyuma ya gari la zamani, juu ya mteremko, si jambo la kugombania.

"Mimi," anasema mwanamke mmoja kutoka nyuma ya watu. Ni Carine.

Léocadie, ndani ya gari, anamwona kwenye kioo. Anavuta mkono wa breki mpaka bega linauma. Nje, Clovis ameshapiga magoti nyuma ya gurudumu.

"Mwalimu," anasema Mama Arlette, "simama. Njoo hapa, na ile mti yako."

Clovis anasimama. Anasogea hatua tatu, ameikumbatia kabari kifuani.

"Toa miguu, Mama Sonia."

Léocadie anatoa miguu. Gari linarudi nyuma upana wa kidole. Mtu mmoja anavuta pumzi. Kisha linakaa.

Wanambeba Carine juu ya mbao, polepole, kwa makusudi. Wanamwingiza kichwa, wanaingiza miguu, wanawake wawili wanapanda kukaa pembeni yake, na bado Mama Arlette anataka wa tatu. Gari halijali. Linasimama pale kama nyumba. Clovis anatazama gurudumu, anatazama kabari, na machozi yanamtoka, naye hayafichi.

"Jumatatu munaanza," anasema Mama Arlette, akageuka kurudi kwa wagonjwa wake.

Léocadie anasema ana mipango. Anataka karatasi za kukatia ziwe jozi mbili, moja Kasongo, moja Kabambare, na awafundishe wanawake wawili wa hapa kupima na kukata, ili gari lisilale hata siku moja likimngoja yeye. Carine ameshasema yeye ni wa kwanza.

Jioni, akiwa ameketi kwenye ngazi ya gari, anachora pete ile ya ngozi juu ya kipande cha katoni na kukikata. Anampa mumewe. Clovis anatoa kalamu, anatafuta mahali pa kuegemeza, hapaoni, anaweka kabari juu ya magoti.

"Niandike nini? Pete ya mafuta?"

"Andika Carine."

Mwalimu anaandika, herufi zimesimama wima, juu ya kabari.