Misumari ya Baba na Watu wa Garanti

Mtu aliyemletea mama yangu habari ya garanti alikuja siku ya kazi, asubuhi, saa ambazo anajua kabisa kwamba watoto wote wenye mdomo wamekwenda kutafuta maisha. Hilo lilinikera kabla hata sijajua alikuwa anauza nini, na bado linanikera. Alimkuta mama peke yake uani akichagua maharagwe, akamwamkia kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri, akakubali kiti, akakubali maji. Alipoondoka aliacha karatasi inayong'aa yenye picha ya nyumba ya ghorofa na bustani ya majani. Nyumba ya mama ni ya mbao, na bustani yake ni mawe meusi ya volkeno.

Jioni mama alinipigia simu. "Kuja," aliniambia. "Iko habari ya nyumba."

Kwa mtu wa Goma hayo si maneno ya kumwambia mtoto wako kwenye simu halafu ukakata. Nilifunga duka langu la Birere, ambako nauza taa za sola na betri, nikachukua pikipiki hadi upande wa Lac Vert anakoishi mama, na njia nzima nilikuwa nawaza mabaya: kiwanja kimeuzwa kwa mtu mwingine, paa limeng'oka, wenye silaha wameingia. Nikamkuta ametulia tuli, amefunga kitenge kizuri, na ile karatasi iko mezani chini ya Biblia ili isipeperuke.

"Batu ya garanti balipita," akasema. "Unalipa kidogo kila mwezi. Kama kitu inaharibika ku nyumba, mulango, manjanja ya paa, waya ya courant, unapiga simu tu. Banakuja."

Lile "banakuja" alilitamka polepole, kama mtu anayetaja chakula anachokipenda. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mama, garanti ya nyumba ya mbao? Ku Goma?"

"Sasa ku Goma hatuko batu?"

Nikasingizia njaa. Lakini nilikuwa nimekwisha kuchemka. Mimi ni mfanyabiashara, garanti naijua. Dukani kwangu garanti ni sura yangu: taa ikizima, mteja anarudi kesho yake, ananitukana mbele ya watu, na mimi nabadilisha taa kwa sababu sina pa kujificha. Hao wa karatasi inayong'aa nani amewahi kuona duka lao? Nilimwambia mama asitie sahihi popote mpaka nije siku watakayokuja kukagua. Akakubali, ila kwa shingo upande.

Ili muelewe hasira yangu lazima niwaambie nyumba yenyewe ikoje. Aliijenga baba, ambaye alitoka Kalengera na mkeke mmoja na akili nyingi. Aliijenga kwa mbao, kama nyumba nyingi za mji huu, si kwa umaskini peke yake. Nyumba ya mbao inabomolewa asubuhi, inapakiwa kwenye chukudu, na jioni inasimama mahali pengine. Chukudu zetu za mbao, zinazosukumwa kwa mikono, zimebeba nyumba nyingi kuliko lori lolote. Na baba alikuwa na mtindo wake: hakuna msumari aliopigilia hadi mwisho. Kila kichwa alikiacha nje kidogo, nafasi ya kutosha kwa kucha ya nyundo kushika na kung'oa. Ukimuuliza kwa nini, alikuambia, "Kesho utanishukuru," na kesho ilifika mara mbili. Mara ya kwanza kiwanja chetu kiliuzwa kwa watu wawili, na wote wawili hawakuwa sisi. Mara ya pili lava ilishuka, ikala nyumba za jirani zetu, ikasimama karibu kabisa na ua wetu ikiwa bado inatoa moshi, na baba hakutaka kusubiri kujua kama imemaliza. Majirani ambao nyumba zao zilikuwa chini ya mawe ya moto walikuja kutusaidia kung'oa yetu. Mbao zile ndizo hizi hizi zilizoko Lac Vert.

Vile vichwa vya misumari vilituchana nguo na ngozi tulipokuwa watoto. Mama alivifanya vya kutundikia vitu. Pembeni mwa jiko ananing'iniza mwiko na chujio, juu ya kitanda rozari, karibu na mlango kofia ya baba, ambayo haijashuka tangu tulipomzika.

Siku ya ukaguzi nilifika mapema kuliko yule bwana wa garanti. Alikuja na shati lililopigwa pasi hata kwenye kola, viatu vyeupe, jambo la ajabu kwa mtu anayetembea juu ya mawe yetu. Alinisalimu vizuri. Kusema kweli hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinizidishia hasira, maana nilikuwa nimejiandaa kwa mwizi nikapewa kijana wa heshima.

Alizunguka nyumba, akainua macho kwenye paa. Ndani ya chumba cha mbele kuna matundu ambayo mwanga huingia kama vijiti vyembamba. Akayaangalia sana.

"Mama, hii matundu ni ya kutu ao ni ya masasi?"

"Ingine ya kutu, ingine ya masasi," mama akamjibu, bila chuki, kama mtu anayeulizwa aina za viazi. "Kuko wakati balipiganaka pale juu ya barabara."

"Bon. Ya masasi haiko mu garanti. Hiyo ni vita."

"Na ya kutu?" nikamuuliza mimi.

"Ya kutu ni uzee ya manjanja. Uzee nayo haiko."

"Kwa hiyo bwana, hii tundu, mvua ikipita, munafunika nini?"

Akafungua mkataba wake ili anionyeshe. Nikauchukua. Ulikuwa wa Kifaransa, maandishi madogo ya kuumiza macho, na mama hasomi Kifaransa. Basi nikaanza kumsomea kwa Kiswahili, kwa sauti, pale pale uani, na majirani wakaanza kupunguza sauti ya vyombo vyao ili wasikie. Volkeno haimo. Tetemeko la ardhi halimo. Vita, uporaji na risasi havimo. Majivu ya mlima, ambayo kila mtu hapa anajua ndiyo yanayokula mabati yetu, hayamo. Fundi mwingine yeyote akigusa nyumba, garanti imekufa. Maana yake hata mtoto wa jirani akipanda kuweka bati lililopeperuka, amemharibia mama. Na nyumba ikihamishwa kutoka mahali ilipoandikishwa, garanti imekufa pia.

Hapo nilishindwa kuendelea. Nilisimama na ile karatasi mkononi. Nieleweni. Sikukasirika kwa sababu walitaka kutudanganya. Kudanganywa tumezoea. Nilikasirika kwa sababu kila kitu kilichowahi kututoa nyumbani kilikuwa kimeandikwa pale, kimoja kimoja, kwa usahihi kabisa. Mtu aliyeuandika mkataba ule alitujua vizuri. Alikaa akafikiri ni nini kinachoharibu nyumba za Goma, akakitoa chote, kisha akatuuzia kilichobaki. Na kilichobaki kilikuwa bawaba za mlango.

Nadhani yule bwana aliona amenipoteza, akamgeukia mama, akagusa kichwa cha msumari mmoja kwa kidole.

"Mama, kuko kitu kimoja tu ya kutengeneza mbele ya kusinya hii karatasi. Hii misumari. Mwenye alijenga hakumaliza kazi. Inafaa ipigwe yote mpaka ndani, kiisha mbao zifungwe na sima ya kujengea ku musingi. Vile iko sasa, haihesabike nyumba. Iko kama kitu ya kuhamisha."

"Ee, njo vile!" nikapiga kelele. "Iko ya kuhamisha! Papa yangu alimaliza kazi kuliko weye. Hii misumari njo garanti ya hii nyumba, na ilishatumika mara mbili, na hatukupigia mutu simu!"

Nikamrudishia karatasi yake. Nikamwambia mengine ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa mama alikuwepo na Mungu pia. Majirani mmoja wawili walicheka kwa nguvu ng'ambo ya ukuta wa mawe. Kijana wa watu alikunja mkataba, akamuaga mama kwa mikono miwili, na mama, badala ya kukaa upande wangu, akamsindikiza mpaka barabarani. Niliwaona wamesimama huko wakizungumza. Hilo lilinichoma. Aliporudi nilimuuliza walikuwa wanasema nini, akanijibu kwamba mgeni haachwi atoke peke yake kama mbwa.

Nilirudi Birere nikiwa nimevimba kwa ushindi. Wateja walisikia habari ile hata wasiotaka kuisikia. Niliwaigizia "uzee nayo haiko," wakacheka, nami nikajiona nimeiokoa nyumba ya baba kutoka kwa watu wa viatu vyeupe.

Siku chache baadaye nilimpelekea mama samaki. Nikiwa bado nje ya ua nilisikia nyundo. Nikadhani wamerudi. Niliingia mbio, samaki mkononi, nimeshaandaa matusi, nikamkuta mama peke yake chumbani, amesimama juu ya kigoda, kitenge amekikaza kiunoni, anapigilia msumari. Kitandani alikuwa amepanga vitu vyote vilivyokuwa ukutani: mwiko, chujio, rozari, kofia ya baba. Kuta tatu zilikuwa zimekwisha. Zilikuwa laini kabisa. Sikuwa nimewahi kuziona hivyo maisha yangu yote.

"Mama! Ulisinya?"

"Sikusinya. Ningesinya ya nini? Si ulinisomea?"

"Sasa unafanya nini?"

Hakushuka. Alipiga mara mbili tena, akakagua kwa kidole gumba kama kichwa kimezama, ndipo akanijibu.

"Unawaza mi nilikuwa nataka fundi ya mulango? Mulango naweza kutengeneza mi mwenyewe. Nilitaka mutu aandike ku karatasi kama hii nyumba itakuwa hapa mwaka kesho. Hata kama ni bongo, ananidanganya. Aandike tu, niione."

"Hakuna mutu anaweza kuandika vile, mama. Hapa? Nani?"

"Nilisikia. Ulisoma muzuri sana, hata jirani balisikia." Aliponitazama nilitamani ningekuwa nimesoma kwa sauti ndogo zaidi. "Papa yako alikuwa na akili. Lakini weye haukulala na yeye mu hii nyumba. Kila usiku mutu analala anaangalia misumari, anajua iko inangoja. Kuzaa, nilizaa mu nyumba yenye inangoja kukimbia. Kufiwa, nilifiwa ndani yake. Nilichoka. Nataka kulala mu nyumba yenye imekaa."

Nilijaza kifua hewa nimjibu. Nilikuwa na maneno mengi: kwamba mlima bado uko pale pale na usiku unawaka mwekundu, kwamba barabara ya Sake haijawahi kututangazia kabla ya kutuletea watu wenye silaha, kwamba amechukua kitu kimoja tu katika mji huu kilichowahi kutufaa akakipigilia ndani ya mbao kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa na hasira ya kutosha mtaa mzima, na hapakuwa na mtu wa kuitupia. Si yeye. Si baba. Hata yule kijana wa shati la pasi, nikimkumbuka, alikuwa amemsikiliza mama kuliko mimi. Huko barabarani, mama aliniambia baadaye, yeye ndiye aliyekuwa anamuuliza yule kijana nyundo nzuri zinauzwa wapi.

Nikaweka samaki chini. Nikaona ukuta wa nne, wenye mlango. Misumari yake ilikuwa bado imetoka, yote, kama baba alivyoiacha.

"Na hii?" nikauliza. "Bado haukufika?"

"Hiyo naiacha. Hiyo ni yako, muoga weye." Alicheka, akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Siku mutakimbia, utang'oa mulango, utaenda nao. Utaanza nyumba na mulango. Lakini mi, usinitafute mu chukudu. Mi niko hapa."

Kisha akashuka kigodani, akaokota kofia ya baba kitandani na kunipa mimi niishike, kwa sababu aliitaka, si mlangoni tena, bali ndani, karibu na kichwa chake anapolala, na huko hakukuwa tena na mahali pa kuitundika.