Fundi wa Makao Mapya

Fundi cherehani wa makao mapya huongea kwa sauti ya chini, pini zikiwa mdomoni, na kabla ya kukata kitambaa hukilaza kwa kiganja taratibu kama anayembembeleza mtoto. Yeye na majirani walihamishiwa huku ili kupisha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Nyumba zilibomolewa, makaburi yakafukuliwa, na mumewe akazikwa upya nyuma ya nyumba hizi za bati. Tangu hapo, kila alfajiri hulifagia kaburi kwanza, ndipo akae kwenye cherehani.

Mwaka huu ofisa alikuja kutangaza kwamba mtambo hautajengwa tena, na kila mtu yuko huru kurudi shambani kwake. Watu walishangilia. Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja.

"Na mume wangu, mwanangu, atarudishwa lini?"

Ofisa aliinamisha macho. "Hilo halimo kwenye mpango, mama."

"Basi."

Dada wa marehemu akamshika bega. "Wifi, na shamba lako je?"

"Lilime wewe," alisema. "Mimi siwezi kumwacha mwenzangu peke yake ugenini."