Hodi ya Tatu

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, niliponyamaza ndani ya nyumba yangu nikimsikia mtu akipiga hodi. Babako alikuwa mchanga, hata kutambaa hajaanza.

Unaijua adabu yetu hapa Lamu: mgeni hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa hurudi alikotoka. Mimi niliifanya adabu hiyo maficho yangu. Majirani wa mtaa wetu wa Wiyoni wakija, nilikuwa nikihesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, kisha nasikia viatu vikiondoka. Sikuwa na ugomvi na mtu. Chakula hakipiti, kuoga kazi, nikiswali nasahau rakaa. Nikaogopa kusema, watu wasije wakaniambia sina imani.

Siku hiyo aliyekuja alikuwa shangazi yangu, Bi Rukia. Alipiga ya tatu, nikashusha pumzi. Mara nikamwona amesimama mbele yangu, buibui begani.

"Shangazi, mbona umeingia nami sikukuitika?"

"Ndiyo sababu nimekuya ndani," akasema. "Mtu yumo ndani, mtoto alia, hodi haijibiwi. Huo ni ugonjwa, mwanangu. Adabu na ingoje."

Nilimtolea maneno, Mungu anisamehe. Yeye akamwogesha mtoto, na kesho yake akanipeleka kwa daktari, aliyeniambia ni ugonjwa wa huzuni.

Nilipona, nikadhani yamekwisha. Yakarudi babu yako alipofariki, nikatibiwa tena. Sasa nimepita sabini, na nikinyamaza watu husema ni uzee. Si uzee. Naujua huu ugonjwa tangu ujana wangu, naujua unavyoanza. Nami naogopa, sikufichi: juzi mamako aliniletea uji, akapiga hodi, nikajikuta nahesabu.

Basi nakuusia. Kesho nisindikize kliniki, unishike mkono nisigeuze njia. Nikishapata nafuu, hata ukinisikia nacheka, usiache kunichungulia, kwa kuwa ugonjwa huu huja na kwenda umri wote. Na si mimi tu. Mzee yeyote akiacha kuitika, usimheshimu hadi ukamwacha peke yake. Ingia ndani kwake. Dua tusome na dawa tunywe, havigombani hivyo.

Mimi nitakufukuza, nakwambia mapema. Nitasema sikutaki, nimechoka na nyinyi. Usiyaamini. Mola akuhifadhi, akupe subira, na siku hiyo akupe miguu mizito, ikatae kutoka. Amin.