Bibi Ruthu Angoja Kuitwa

Kibanda changu kiko Nkuhungu, pale barabara ya vumbi inapokata kona, na mteja wangu wa kwanza kila asubuhi alikuwa Bibi Ruthu. Alinunua chumvi. Kesho yake chumvi tena. Mtu anayeishi peke yake hawezi kula chumvi yote ile, hata angekuwa ng'ombe. Nilijua fika kwamba alichofuata ni maneno, nami, mtu wa kuja kutoka Tanga, nilimpa, maana asubuhi biashara huwa imelala.

Nyumba yake ilikuwa tembe, kuta za udongo na paa la bapa la udongo, kama walivyojenga Wagogo tangu zamani. Zamani hiyo, alisema, matembe yalikuwa mengi pale, na moshi wa kila jiko aliujua ni wa nani. Kisha ikaja miaka ya soko huria, mji ukavimba, viwanja vikapanda bei, na majirani zake wakauza mmoja baada ya mwingine. Huyu alikwenda Mpwapwa, yule Kongwa. Walionunua walikuwa watu wa maofisini. Walijenga kuta ndefu, juu yake wakapanda vipande vya chupa, wakaweka mageti ya chuma. Si watu wabaya, ila geti haliitikii salamu. Bibi Ruthu hakuuza. Mumewe alizikwa pale nyuma ya zizi tupu, watoto hakujaliwa, akabaki katikati ya kuta na kishamba chake cha mtama.

Mjini kwetu kulikuwa na chuo kikuu ambacho kila mwaka, kabla wanafunzi wapya hawajaanza masomo, kiliwatoa mitaani kwa Siku ya Kujitolea. Mwaka huo mwenyekiti wa mtaa alipeleka jina la Bibi Ruthu. Kiongozi wa wanafunzi, kijana mmoja mchangamfu aitwaye Brighton, alikuja kupatazama, akaomba namba ya simu ya bibi. Simu hana. Wakaandika yangu.

Bibi Ruthu alianza kujiandaa kama mtu mwenye harusi. Alinieleza kwamba kwao mtu akizidiwa na shamba hupika pombe na kuwaita majirani. Wanalima, wanakunywa, wanaimba.

"Halafu zamu ya mmoja wao ikifika, na wewe unaitwa," alisema. "Kulimiwa ni mwanzo tu, Mbwana. Jirani ni yule anayekuita."

Kwa kuwa alisikia wanafunzi wengi ni watu wa sala, aliacha pombe akapika togwa, mtungi mzima.

Walikuja na fulana za njano na kelele nyingi. Wengine hawajawahi kushika jembe, wakawa wanapiga ardhi kana kwamba wanaua nyoka. Lakini shamba lililimwa na paa likakandikwa upya, na Bibi Ruthu alicheka siku ile kuliko nilivyowahi kumwona. Tatizo lilikuwa togwa. Walikuja na maji yao ya chupa, na Brighton alikuwa amewaonya wasimletee mwenyeji gharama. Mtungi ulibaki umejaa. Binti mmoja tu kutoka Bukoba, Violeth, alikunywa kata nzima, akajifuta mdomo, akaomba nyingine.

Mwishowe wakamkalisha bibi kwenye kiti, wakampakatisha sabuni na sukari, wakajipanga nyuma yake wakapiga picha. Violeth alimkumbatia.

"Bibi, na sisi tutakuita uje kwetu chuoni!"

Ni maneno ya kuagana tu, nani asiyeyasema? Lakini Bibi Ruthu aliyapokea kama yalivyo, akayabeba.

Kuanzia hapo, kila asubuhi, kabla ya chumvi, alikuwa na swali lake.

"Hawajapiga?"

"Bado, bibi."

Alibadilisha mpini wa jembe akaulainisha kwa kipande cha chupa. Mvua ikanyesha, mtama ukakua, ukatoa masuke mazito. Akavuna peke yake. Nilijaribu kumwambia kwamba wasomi wana mitihani, wana mambo mengi. Alinitazama kama mtoto asiyejua kitu.

"Nina deni la jasho lao, na hawataki kunidai," alisema. "Wananiona si mtu wao."

Baada ya mavuno alichoka kungoja. Akajifunga kanga yake safi, akabeba jembe, akaenda chuoni kwa miguu. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe jioni, amekaa juu ya kreti langu la soda.

Getini mlinzi alimwamkia vizuri, halafu akamuuliza, "Bibi, una shida gani?"

"Sina shida. Nimekuja kulima."

"Kulima nini?"

"Watakachonionyesha."

Mlinzi akamwambia jembe haliingii ndani. Wakaliegemeza kwenye kibanda cha ulinzi, akatumwa mtu kumtafuta Violeth. Binti akaja mbio, na nisimsingizie, alifurahi kweli. Alimpeleka kantini akamnunulia soda na chipsi mayai.

"Bibi, umepatwa na nini? Paa limebomoka tena?"

"Paa ni zima. Ulisema mtaniita, nikaona mmechelewa."

Violeth akatazama nyasi zilizokatwa na majengo ya ghorofa. "Bibi jamani, sisi hatuna shamba."

"Basi nikuchotee maji."

"Yanatoka bombani."

"Nguo je? Nipe nikufulie."

"Nikufulishe wewe nguo zangu? Bibi, nitapata laana!" Akacheka, akamkumbatia tena, akamsindikiza mpaka getini, akamtia noti mkononi ya kupandia bajaji.

Bibi Ruthu hakupanda bajaji. Alirudi kwa miguu, jembe begani, halijagusa udongo.

"Kila mtu kule aliniuliza nina shida gani," aliniambia. "Mbwana, mimi nina sura ya shida?"

Nikamwambia hana. Nilimwonea uchungu sana jioni ile. Binti yule angemfukuza angalau bibi angepata wa kumkasirikia. Alichopata ni wema mtupu, na wema ule ulimwacha mpweke zaidi ya mwanzo.

Mwaka wa masomo uliofuata fulana za njano zilirudi, safari hii kwa Mzee Sila, aliyepooza mguu, mwisho wa mtaa wetu. Violeth hakuwemo, maana siku ile ni ya wanafunzi wapya tu. Bibi Ruthu alifika kabla yao na jembe lake. Hakuna aliyemwita, lakini alijiambia kwamba kwenye kundi la wanaolima mtu huingia tu. Nilimwona nilipopeleka maji ya kunywa: yuko kwenye mstari kati ya vijana, kanga kiunoni, analima bila kuinua kichwa, uso umemkunjuka.

Kisha ukafika wakati wa picha. Wanafunzi wakajipanga na majembe yao, na yeye akajipanga pembeni na lake. Vijana wawili wenye adabu zao wakamwona. Wakamshika mikono taratibu, wakamtoa kwenye mstari, wakamkalisha kwenye kiti kando ya Mzee Sila, wakampakatisha sabuni na sukari.

"Mimi ni wa kazini," alisema.

"Pumzika, bibi," wakamjibu, na picha ikapigwa.

Alikuja kibandani akaweka ile sabuni na sukari mbele yangu.

"Nilikuwa kwenye mstari, Mbwana. Wakanitoa." Halafu akalia.

Nikasema la kwanza lililonijia. "Bibi, mimi nina kiuwanja hapa nyuma. Njoo kesho unilimie."

Akachungulia nyuma ya kibanda. Mawe matupu.

"Pale hata mbuzi hapati kitu," alisema. "Usiniite kwa huruma, mwanangu. Huruma nimeketishwa juu yake leo." Akaondoka, na siku zilizofuata hakuja hata kununua chumvi. Asubuhi zikawa ndefu. Sikuwa nimejua kwamba na mimi nilikuwa nafuata maneno.

Mvua ya kwanza ya Desemba ilikuja mchana, yote kwa mkupuo. Maji hayakuwa na pa kwenda kwa sababu ya zile kuta, yakashuka barabarani, yakakata kona yakaingia kibandani kwangu. Nilinyanyua mfuko mmoja wa unga, mwingine ukawa unaelea. Nikakimbilia geti la kwanza, mbwa akabweka. La pili, dada wa kazi akasema mama yuko ofisini. Nikakimbia mpaka kwenye tembe nikapiga kelele kama mwendawazimu.

"Bibi! Bibi Ruthu! Njoo, maji yananimaliza!"

Akatokea mlangoni. "Unaniita?"

"Nakuita!"

Hakunitazama mimi. Aliyatazama maji, alipoona ni ya kweli akaingia ndani akatoka na jembe. Alichimba mtaro kuzunguka kibanda, mvua ikimchapa mgongoni, mimi nikibeba mawe nyuma yake, ananifokea kwamba nayapanga ovyo. Maji yakageuka. Nusu ya unga ikapona.

Kazi ilipokwisha hakuondoka. Alikaa juu ya kreti, amelowa chapachapa. Nilidhani amechoka. Kisha nikakumbuka aliyoniambia, kwamba wanaoitwa kazini hunyweshwa. Nikawasha jiko, nikachemsha chai, na sukari niliyotia ni ile ya wanafunzi, ilikuwa bado pale rafuni. Akanywa kikombe chote akanirudishia.

"Mtu wa Tanga, pombe yako hailevyi."

"Dini yangu hairuhusu nyingine, bibi."

"Haya. Paa langu linavuja kwenye pembe. Jumamosi."

"Nitajitahidi nije kukusaidia."

"Sijaomba msaada," alisema, akichukua jembe lake. "Nakuita."

Akatoka, akazipita kuta zile zote mpaka kwake. Tangu siku hiyo hakuuliza tena kama simu imeita.