Leso Nyekundu Getini kwa Tobias

Kaloleni hii imelea wafanyakazi wengi wa reli, ila aliyetuchosha kwa hadithi ni Tobias, jirani yangu, dereva wa treni mstaafu. Ukija kununua sukari kibandani kwangu naye yupo, utasimuliwa jinsi njia ya Nanyuki ilivyoota majani, jinsi abiria wa Kisumu walivyolala garini na vikapu vyao vya samaki, jinsi yadi ya Nairobi ilivyojaa mabehewa hadi injini zikakosa pa kugeukia. Nilimtania kwamba kama si mkewe Rispa, angeoa injini.

Siku hizi mabehewa mengi yamelala yadini yakila kutu, na Tobias naye akili imemtoka. Ameanza tena kwenda kazini. Asubuhi anavaa koti lake la buluu, anavuka Jogoo Road, anasimama katikati ya reli akitafuta injini yake. Treni za abiria bado zinapita pale. Juzi wauza mitumba walimvuta kando honi ya treni ikiwa imeshalia.

Rispa alikuja kwangu akilia.

"Mama Hikma, huyu mzee atagongwa. Nikifunga mlango anatokea dirishani. Sasa nifanye nini mimi?"

Mimi nami najifanya mjanja. "Si alikuwa dereva? Weka kitu nyekundu hapo kwa geti, uone kama atapita." Nikampa leso yangu nyekundu, akaifunga getini.

Ilifanya kazi. Tobias alifika getini, akaiona leso, akasimama wima. Tulicheka hadi tukashikana mabega.

Kufikia adhuhuri kicheko kilikuwa kimetuishia. Tobias hakutoka na hakurudi ndani. Rispa alimletea ugali, akakataa.

"Dereva haachi injini kwenye signali nyekundu," alisema.

Mvua ikaanza, na kifua chake tunakijua, kimemlaza hospitali mara nyingi. Tulimshika mikono tumwingize nyumbani, akatusukuma. Nguvu bado anazo. Rispa akaifungua leso. Papo hapo Tobias akapiga hatua kuelekea barabarani, na Rispa akairudisha. Tukitoa leso, ataenda relini. Tukiiacha, mvua itammaliza. Nilisimama pale na ujanja wangu wote ukiwa bure. Niliona uchungu mpaka nikajichukia.

Rispa alileta mwavuli, akasimama naye. Tobias alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama abiria asiyemjua.

"Mama, wewe nenda nyumbani, utalowa bure. Mimi nikipewa njia nitaenda. Mke wangu atakuwa ameshapika."

"Ameshapika," Rispa akasema. "Anakungoja."

"Basi ukimwona, mwambie asichoke kuningoja."